Kolesteroli "Nzuri", Jeni na Vimeng'enya: Uzito wa Jina katika Afya ya Wakazi wa Kibera na Kawangware

Utangulizi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ya wahenga imepata makao mapya katika zahanati na maabara za Nairobi, ambako mafuta yaliyomo katika damu ya binadamu yamegawanywa katika makundi mawili na kupewa majina yanayofanana na ya wahusika wa hadithi: kolesteroli nzuri na kolesteroli mbaya. Mkazi wa Makina au Laini Saba mtaani Kibera, sawa na mwenzake wa Gatina au Kabiro huko Kawangware, akipimwa mafuta ya damu hukabidhiwa karatasi yenye safu ya tarakimu. Penye herufi HDL huelezwa kwamba hiyo ndiyo kolesteroli nzuri, na kwamba kadiri inavyozidi ndivyo moyo wake unavyozidi kuwa salama. Tarakimu hiyo ikiwa kubwa, hurejea nyumbani ametulia, hata kama shinikizo la damu yake halijapimwa kwa miaka kadhaa.

Utulivu huo una msingi dhaifu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21, utafiti wa jeni na vimeng'enya umeitikisa imani kwamba wingi wa HDL pekee ni kinga ya moyo. Makala haya yanadhamiria kueleza kwa lugha ya Kiswahili namna HDL inavyofanya kazi, namna urithi unavyoiathiri, na maana ya maarifa hayo kwa wakazi wa mitaa miwili ya Nairobi ambayo magonjwa ya moyo, kiharusi na kisukari yamekwisha kubisha hodi milangoni mwao. Hoja kuu inayotetewa ni kwamba uzuri wa HDL haumo katika wingi wake bali katika kazi yake, na kwamba jina lililotafsiriwa bila kutafakariwa laweza kumpa mgonjwa faraja isiyo na tiba ndani yake.

Maana ya Istilahi za Msingi

Ni vyema kwanza kufafanua istilahi nne. Ya kwanza ni kolesteroli. Hii ni shahamu yenye hali ya nta ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake. Hujenga kuta za seli, na kutokana nayo mwili hutengeneza homoni kadhaa, vitamini D na asidi za nyongo. Sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, wala haitoki yote katika chakula. Baadhi ya maandishi ya afya, hususan ya Tanzania, huiita lehemu, neno ambalo pia ni jina la metali inayoyeyushwa ili kuungia vyuma. Picha ya kitu kinachoganda na kunata imo ndani ya neno lenyewe.

Istilahi ya pili ni lipoprotini. Mafuta na maji havichanganyiki, na damu kwa kiasi kikubwa ni maji. Kwa sababu hiyo kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake. Hubebwa ndani ya vifurushi vidogo mno vilivyofumwa kwa mafuta na protini. Vifurushi vyenye mafuta mengi na msongamano mdogo huitwa LDL. Vile vidogo zaidi, vyenye protini nyingi na msongamano mkubwa, huitwa HDL. Ieleweke basi kwamba kolesteroli iliyomo katika LDL na ile iliyomo katika HDL ni kitu kile kile kimoja. Hakuna kolesteroli yenye tabia njema na nyingine yenye tabia mbovu. Kinachotofautiana ni chombo na safari yake.

Istilahi ya tatu ni kimeng'enya. Hii ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini bila yenyewe kumalizika. Atafunaye ugali kwa muda mrefu bila kuumeza huanza kuhisi utamu, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo katika mate huanza kuigeuza wanga kuwa sukari. Vimeng'enya vya namna nyingine hufanya kazi katika damu usiku na mchana.

Ya nne ni jeni, yaani sehemu ya urithi iliyo na maelekezo ya kutengenezea protini fulani. Kwa jeni nyingi mtu hupokea nakala mbili, moja ya baba na nyingine ya mama. Maelekezo yakiwa na badiliko dogo, protini itakayotengenezwa yaweza kuwa na nguvu zaidi, kuwa dhaifu, au kukosekana kabisa.

Mkokoteni na Wafanyakazi Wake

Kazi ya HDL yaweza kueleweka kwa mfano wa soko la Kawangware. Malori huleta kabichi, viazi na ndizi; mikokoteni huondoa maganda na mabaki. LDL ni mithili ya lori: hupeleka kolesteroli kwenye seli zinazoihitaji. Malori yakizidi mahitaji, mzigo humwagika njiani na kujilundika katika kuta za mishipa ya damu, na mishipa hiyo huanza kuziba. HDL nayo ni mithili ya mkokoteni: huzoa kolesteroli iliyozidi na kuirudisha kwenye ini, ambako hutumika upya au hutolewa nje pamoja na nyongo.

Mkokoteni haujisukumi wala haujipakii. Kuna protini iitwayo ABCA1, iliyopachikwa katika ukuta wa seli, ambayo huitoa kolesteroli ndani ya seli na kuiweka juu ya HDL changa. Baadaye kimeng'enya LCAT huibadilisha kolesteroli hiyo ili izame katikati ya kifurushi, mfano wa mtu anayefunga mzigo kwa kamba ili usianguke. Protini iitwayo CETP, ambayo hutajwa pamoja na vimeng'enya ingawa kazi yake hasa ni uhamishaji, huchukua sehemu ya kolesteroli ya HDL na kuipeleka kwenye vifurushi vingine, kisha huleta mafuta ya aina nyingine badala yake. Vimeng'enya viwili vya jamii ya lipasi, kimoja cha ini na kingine cha utando wa ndani wa mishipa, huyamegua mafuta ya HDL na kuipunguza ukubwa. Hatimaye, kipokezi kiitwacho SR-BI kilichoko kwenye ini huupakua mzigo.

Aidha, kuna kimeng'enya PON1 kinachosafiri pamoja na HDL mithili ya mlinzi. Husaidia kuzuia mafuta ya LDL yasichachuke, kwani mafuta yaliyochachuka ndiyo huamsha uvimbe katika kuta za mishipa. Kimeng'enya hicho hicho huvunja sumu ya baadhi ya dawa za kuulia wadudu.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Kipimo cha kawaida cha maabara hakihesabu safari zilizofanywa na mikokoteni. Huhesabu tu kiasi cha kolesteroli kilichokuwa juu ya mikokoteni wakati damu ilipotolewa. Mtu akipita sokoni na kuona mikokoteni mingi iliyojaa taka, aweza kusema usafi unaendelea vizuri. Lakini huenda mikokoteni imejaa kwa sababu lango la jaa limefungwa na hakuna anayepakua. Vilevile mikokoteni michache yaweza kuwa ishara ya uvivu, au ishara kwamba wachache waliopo huenda na kurudi kwa kasi. Tarakimu peke yake haiwezi kutofautisha hali hizi.

Ushahidi wa Jeni

Imani kuhusu HDL haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1977 watafiti wa mji wa Framingham nchini Marekani walionyesha kwamba watu wenye HDL nyingi walipatwa na maradhi ya moyo kwa nadra kuliko wenye HDL kidogo. Tafiti nyingi zilizofuata ziliafiki. Hata hivyo, vitu viwili kuandamana si hoja kwamba kimoja kimezaa kingine. Awike asiwike jogoo, kutakucha. Mwenye HDL kidogo mara nyingi huwa pia na unene wa tumbo, sukari nyingi katika damu, au uraibu wa sigara. Huenda hayo ndiyo yanayoumiza moyo, ilhali HDL ni jogoo anayewika tu.

Jeni zilitoa njia ya kulitatua fumbo hili. Urithi hugawiwa kama kura: mtoto hachagui nakala ya jeni atakayopokea, wala nakala hiyo haitegemei mlo wake au kipato chake. Ikiwa jeni fulani huongeza HDL tangu kuzaliwa, na HDL ndiyo inayokinga moyo, basi waliorithi jeni hiyo wangepaswa kuugua kwa nadra. Mwaka 2012 matokeo ya uchunguzi wa aina hii yalichapishwa, yakihusisha watu zaidi ya 20,000 waliowahi kupatwa na mshtuko wa moyo na wengine zaidi ya 95,000 wasiowahi. Watafiti walitazama badiliko la jeni ya ile lipasi ya utando wa mishipa, ambalo huongeza HDL bila kugusa LDL. Kwa hesabu za awali, waliorithi badiliko hilo walitarajiwa kuwa na hatari iliyopungua kwa asilimia 13. Hatari haikupungua hata kidogo.

Mwaka 2016 ushahidi ulizidi kuwa mzito. Ilibainika kwamba kuna watu waliorithi badiliko linalokiharibu kipokezi SR-BI. Watu hawa wana HDL nyingi mno, na kwa jicho la kawaida wangepongezwa. Kumbe hatari yao ya maradhi ya moyo ni kubwa kuliko ya wenzao. Lango la jaa limefungwa, na mikokoteni imejaa pomoni barabarani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Upande wa pili kuna kisa cha kijiji cha Limone sul Garda nchini Italia, kilichojulikana kwa wanasayansi takriban mwaka 1980. Baadhi ya wanakijiji wamerithi umbo lisilo la kawaida la protini kuu ya HDL. HDL yao ni kidogo sana, lakini mioyo yao haikuonyesha madhara yaliyotarajiwa.

Viwanda vya dawa vilipitia darasa hilo hilo kwa gharama kubwa. Dawa ya torcetrapib ilibuniwa ili kuizuia CETP, na ilifanikiwa kuongeza HDL kwa asilimia 72. Mnamo Desemba 2006 majaribio yake yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 15,000 yalisimamishwa, kwa kuwa waliokuwa wakiitumia walikufa kwa wingi zaidi kuliko wasioitumia. Dawa nyingine mbili za jamii hiyo ziliachwa mwaka 2012 na 2015 kwa kukosa faida. Ya nne, anacetrapib, ilionyesha faida ndogo mwaka 2017, na faida yenyewe ilielekea kutokana na kupungua kwa LDL wala si kuongezeka kwa HDL.

Haifai hata hivyo kuhitimisha kwamba HDL haina kazi. Ugonjwa wa Tangier, uliopewa jina la kisiwa kimoja cha Marekani, huwapata waliorithi nakala mbili mbovu za jeni ya ABCA1; kolesteroli hujilundika katika viungo vyao na HDL huwa kama haipo. Wenye kukosa LCAT nao, waliotambuliwa kwanza nchini Norway mwaka 1967, huharibika figo na kufifia mboni za macho. Kazi ipo na ni kubwa. Kinachokataliwa ni kuipima kazi hiyo kwa kuhesabu mzigo pekee.

Kisa cha Malale

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kuna ukurasa mwingine wa HDL usiohusu moyo kabisa. Barabara ya Naivasha inayokata mtaa wa Kawangware huendelea hadi Uthiru, ilipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Kituo kilichoitangulia taasisi hiyo mahali hapo kilianzishwa mwaka 1973, na moja ya kazi zake za msingi ilikuwa utafiti wa vimelea vya tripanosoma vinavyoenezwa na mbung'o. Vimelea hivi huwaua ng'ombe kwa wingi, na baadhi ya aina zake huwapa binadamu ugonjwa wa malale.

Tangu mwaka 1902 ilijulikana kwamba maji ya damu ya binadamu huiua aina ya tripanosoma inayowaangamiza ng'ombe. Sababu haikufahamika hadi mwaka 1978, ilipobainika kwamba silaha hiyo imo ndani ya HDL. Damu ya wagonjwa wa Tangier, isiyo na HDL, haikuweza kuviua vimelea. Mwaka 2003 protini yenyewe ilitambuliwa: ni APOL1, abiria anayesafiri juu ya vifurushi vya HDL. Kimelea huimeza akidhani ni chakula, nayo humtoboa kutoka ndani.

Hata hivyo, aina ya tripanosoma iliyoleta malale nchini Kenya, hasa katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, ilijitengenezea kinga dhidi ya APOL1. Barani Afrika yakazuka mabadiliko mawili ya jeni hiyo, yaitwayo G1 na G2, ambayo yanahusishwa na kinga dhidi ya malale. Yamesambaa zaidi Afrika Magharibi. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kinga hiyo ina gharama: mtu anayerithi nakala mbili za mabadiliko haya huwa katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya figo, ingawa wengi wao hawaugui. Jeni ile ile yaweza kuwa ngao msituni na mzigo mjini.

Nyani nao wana APOL1 yenye nguvu hata dhidi ya vimelea vinavyomshinda binadamu. Katika miaka ya 2010, ILRI na washirika wake walimzalisha kwa kunakili seli ndama wa aina ya Boran aliyepewa jina la Tumaini, kama hatua ya kuelekea kupata ng'ombe mwenye jeni hiyo ya nyani. Kuhusu binadamu, mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma.

Kisa hiki kina funzo. HDL si dawa ya moyo iliyowekwa mwilini kwa ajili hiyo tu. Ni chombo cha kazi nyingi, na kukiita "kizuri" au "kibaya" ni kukidunisha.

Hali Halisi ya Kibera na Kawangware

Je, maarifa haya yana uzito gani kwa anayeishi katika chumba cha mabati? Uzito wake ni mkubwa, kwa maana dhana kwamba magonjwa ya moyo ni ya matajiri imepitwa na wakati. Uchunguzi uliofanywa Kibera mwaka 2010 kwa watu wazima zaidi ya 2,000 ulionyesha kwamba asilimia 22.8 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Miongoni mwa waliopatikana nalo, ni mmoja tu kati ya watano aliyekuwa akijua. Kisukari kilipatikana kwa asilimia 5.3.

Urithi hauwezi peke yake kueleza hali hii. Utafiti mmoja wa miaka ya 1980, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuatilia Waluo waliohama kutoka magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Ndani ya miezi michache ya kuishi mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa limepanda. Vipimo vya mkojo viliashiria kwamba mlo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu. Jeni za mtu hazibadiliki ndani ya basi la usiku. Kinachobadilika ni chakula, mwendo, usingizi na wasiwasi.

Mazingira hayo hayo huigusa HDL na vimeng'enya vyake. Sigara hupunguza HDL. Mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa njia inayozalisha mafuta geu huongeza LDL na kupunguza HDL kwa pamoja. Maambukizi nayo hayako nyuma. Mwili unapopambana na maradhi makali, protini iitwayo amiloidi A huingia katika HDL na kuisukuma nje protini yake kuu, nazo nguvu za LCAT na PON1 hupungua. Mkokoteni ungalipo, lakini mahamali wamebadilishwa. Malaria, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI vyote huvuruga mafuta ya damu kwa njia yake. Mahali ambapo maambukizi na magonjwa ya moyo huishi nyumba moja, tarakimu ya HDL huwa ngumu zaidi kufasiri.

Kuna mtego mwingine ambao ni nadra kutajwa. Pombe huongeza HDL. Mnywaji wa chang'aa aliyekonda, ambaye ini lake limeanza kuchoka, aweza kupata tarakimu ya kuvutia kuliko ya jirani yake asiyekunywa. Akiambiwa kwamba kolesteroli yake nzuri iko juu, atakuwa amepewa cheti cha afya na kitu kile kile kinachomdhuru. Uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watu zaidi ya 116,000, ulionyesha kwamba wenye HDL ya juu kupita kiasi walikufa kwa wingi kuliko wenye HDL ya wastani.

Nani Huchunguzwa?

Swali jingine linahusu watu ambao damu yao imezaa maarifa haya. Utafiti wa Framingham uliwahusu hasa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu Weusi na Weupe 23,901. Kwa Weupe, HDL ya chini iliashiria hatari ya maradhi ya moyo. Kwa Weusi haikuashiria. Na kwa makundi yote mawili, HDL ya juu haikuwa kinga. LDL na mafuta ya trigliseridi, kinyume chake, yaliashiria hatari kwa wote.

Matokeo hayo hayawezi kubebwa mzimamzima hadi Nairobi, kwa kuwa asili ya Wamarekani Weusi ni hasa Afrika Magharibi. Afrika ina tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko bara lolote lingine, na Kibera peke yake ni kielelezo: Wanubi ambao babu zao walitoka Sudan huishi ukuta kwa ukuta na Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na Wakikuyu. Ndiyo maana mradi wa AWI-Gen, uliowachunguza takriban watu 12,000 katika nchi nne za Afrika, una thamani ya pekee. Washiriki wake wa Nairobi walitoka Korogocho na Viwandani, mitaa inayofanana kwa hali nyingi na Kibera na Kawangware. Ni kwa kazi za namna hii tu ambapo itajulikana ni kipimo gani kinamfaa Mkenya.

Suala la Jina

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika jambo hili. Kivumishi "-zuri" hutaja hali ya kitu, si kazi yake. Mtu akisikia "kolesteroli nzuri" hujiuliza atapata wapi nyingi zaidi, kama vile angeuliza kuhusu mvua nzuri au mavuno mazuri. Jina limekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kiswahili, kwa utajiri wake wa unyambuaji, kina njia ya kutaja kitu kwa kitendo chake. HDL ingeweza kuitwa kolesteroli rejeshi, kwa kuwa hurejesha mzigo kwenye ini, na LDL ikaitwa kolesteroli sambazi, kwa kuwa husambaza. Majina hayo hayasifu wala hayalaumu. Humwachia msikilizaji swali lililo sahihi: je, inarejesha kweli?

Pendekezo hili si la urembo wa lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliokabidhiwa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Hao ndio wanaofika mlangoni, na lugha wanayoitumia ndiyo dawa ya kwanza. Mikoba yao haina kipimo cha HDL, na kwa mujibu wa ushahidi uliojadiliwa hapa, mgonjwa hapungukiwi sana kwa hilo. Kipimo cha presha kinachochukua dakika chache humwambia mkazi wa Gatwekera mengi zaidi kuhusu kesho yake kuliko tarakimu ya kolesteroli "nzuri".

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba HDL ni chombo ambacho kazi yake hutegemea vimeng'enya na protini kama vile LCAT, CETP, PON1, ABCA1 na SR-BI. Yameonyesha pia kwamba jeni zinazotengeneza protini hizo zaweza kumpa mtu HDL nyingi isiyofanya kazi, au kidogo iliyo hodari. Aidha yamebainisha kwamba HDL hubeba silaha dhidi ya vimelea, na kwamba mazingira ya mjini huiathiri sawa na urithi.

Mambo kadhaa yanafuatia. Mosi, HDL ya juu isichukuliwe kuwa hirizi. Asiyejua presha yake, sukari yake na LDL yake bado hajajua hali yake. Pili, mwenye ndugu waliokufa kwa kiharusi au mshtuko wa moyo wakiwa vijana amweleze daktari, maana maji hufuata mkondo. Tatu, kupunguza chumvi, kuacha sigara, kutembea na kuzidisha sukuma wiki na maharagwe kuliko vya kukaangwa hubaki kuwa ushauri bora, hata pale ambapo tarakimu ya HDL haitasogea. Nne, watunzi wa istilahi na wahudumu wa afya wakae meza moja kabla majina hayajaota mizizi.

Jeni hazichaguliwi, na wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hawakuchagua pia bei ya chakula wala hewa wanayovuta. Kinachoweza kubadilishwa leo, bila gharama kubwa, ni maneno wanayoambiwa wanapoikabidhiwa ile karatasi ya maabara. Mgonjwa aliyeelezwa ukweli kwa lugha anayoielewa ana nafasi ya kuuziba ufa. Aliyepewa sifa tupu atasubiri hadi aujenge ukuta.